Jinsi ya kupata kwenu kanisani hapa Malindi hata kama hujui mtu

Hili swali huulizwa sana ikifika mwezi wa nne mwezi wa tano, lo sizoni imeingia, hoteli zimefunga, kusi yavuma na mtu aliyekuwa weita ama fundi wa swimingi puli yuko nyumbani Maweni ama Kisumu Ndogo hana la kufanya asubuhi. Anakuja anakwambia, mimi nishaokoka ama nilibatizwa nikiwa mtoto lakini sioni maana ya haya maisha, naenda kanisani nakaa kiti cha nyuma natoka, hakuna hata mtu ajuaye jina langu. Na wengine si kazi, ni mama aliyefiwa na mumewe, ni kijana aliyekuja kutoka Kitui ama Nyanza kutafuta maisha na Malindi hii hana hata shangazi.

Sasa mimi nitakwambia vile ninavyoamini na vile nimeona ikifanya kazi kwa watu wengi. Usingoje kwanza uelewe kusudi la maisha yako ndio ujiunge na watu. Jiunge kwanza, ule nao, ushike kikazi kidogo, hilo kusudi utalipatia humo humo ndani. Na hii siitoi kichwani mwangu.

Fungua Yohana mlango wa 21, mtu wa pwani ataielewa upesi sana. Petro na wenzake wamevunjika moyo, wameingia baharini usiku kucha na hawakupata kitu, na yeyote aliyewahi kungoja mashua asubuhi zikirudi tupu ajua hizo nyuso zilivyo. Kunapambazuka, Yesu yuko ufuoni, anawauliza kama wana kitoweo, wanasema hatuna, anawaambia watupe jarife upande wa kulia wanavuta samaki 153. Wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yesu hawaulizi mlikuwa wapi, hamkumbushi Petro vile alimkana mara tatu tena mbele ya moto wa makaa kama huo huo, anawaambia njoni mfungue kinywa. Wakishakula ndio anamgeukia Petro, wanipenda? Mara tatu, na kila akijibu anapewa kazi, lisha kondoo wangu. Angalia huo mpangilio vizuri, chakula kwanza, halafu mapenzi, halafu kazi. Basi na sisi tufuate hivyo hivyo.

Anza na kuchagua kanisa la kwenda kwa miguu. Najua kuna lile kubwa lenye vyombo vya muziki vya nguvu upande wa pili wa mji, lakini kama kila ukienda ni nauli ya tuktuk kwenda na kurudi utaenda Jumapili mbili tatu kisha basi, na hata ukienda Jumapili zote, katikati ya wiki hutaenda, na katikati ya wiki ndiko watu hujuana. Malindi makanisa yako, Wakatoliki wana kathedro ya Mtakatifu Antoni wa Padua na jimbo lao wenyewe tangu 2000, linafika mpaka Lamu na Tana River, Waanglikana wako, Wamethodisti, AIC (Africa Inland Church), Wapentekoste kila mtaa. Na usikubali mtu akwambie Ukristo hapa ni kitu cha watu wa bara. Ile kanisa ndogo ya Wareno karibu na bahari wewe umeipita mara ngapi, Fransisko Xavier mwenyewe alipita Malindi 1542 akielekea India. Na Rabai ni hapo tu chini, Krapf, yule mmishonari aliyeanzisha misheni pale, alifika pwani hii 1844 na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, akabaki, na kazi yake haikukimbia mbio, miaka ikapita waliobatizwa wahesabika kwa vidole. Nakutajia hilo kwa sababu watu huja kanisani wakitaka tumaini la Jumatatu asubuhi kila kitu kimenyooka, na tumaini la Kikristo halijawahi kuwa hivyo.

Ukishachagua, nenda ibada moja ile ile, saa ile ile, ukae upande ule ule. Kama kuna ibada ya saa moja na ya saa tatu usirukeruke, maana kila ibada ina watu wake. Fika mapema kidogo. Wakisema wageni wasimame wewe simama, sema jina lako na sehemu unayokaa, hiyo ya sehemu usiisahau manake ndiyo muhimu, ukisema "nakaa Barani karibu na posho mill" kuna mtu wa Barani hapo ndani atakutafuta nje. Na ibada ikiisha usitoke mbio, kaa pale nje kwenye kivuli watu wakisalimiana, salimia wazee kwanza, shikamoo mama, shikamoo baba, hata kama huwajui. Kuhusu nguo, kaptura tu na vesti ndio uache, zingine hakuna shida, njoo na ndala zako zikiwa safi. Kuhusu sadaka, kama huna huna, lile kapu likipita lipitishe kwa mwenzio. Watu wengi wameacha kanisa kwa aibu ya hivyo viwili na mimi huumia sana nikisikia hivyo, Yesu alimsifu mjane wa senti mbili, hakumwambia arudi akipata.

Kabla hujaingia ndani zaidi, hapa nataka tukae kidogo kwa sababu sisi ni watu wa Malindi na Shakahola iko hapo tu. 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kwenye ule msitu, watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe ndio waonane na Yesu, wengi ni watoto, ambao hakuna aliyewauliza. Wale watu hawakuwa wajinga, hilo nataka lieleweke. Walikuwa wanatafuta hiki hiki unachotafuta wewe, maana, tumaini, na watu wa kuwaita ndugu. Kwa hivyo kiu yako si mbaya lakini angalia ni nani anakupa maji.

Angalia hivi. Kama kanisa linakukataza hospitali, ama linasema watoto watolewe shule, toka siku hiyo hiyo usingoje maelezo. Kama unaambiwa ukate mama yako na ndugu zako kwa sababu hawajaokoka kama wao, toka. Kama unaambiwa uuze shamba ama uache nyumba uhamie mahali fulani na kiongozi, toka na umwambie chifu. Kama kuna mtu mmoja tu ndiye anasikia kutoka kwa Mungu na hakuna mzee wala kamati inaweza kumuuliza kitu, hapo pia sikushauri. Kanisa zuri utaliona lina wazee waliochaguliwa, lina mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu, yule mchungaji ama padri ana mkubwa wake anayeweza kumhamisha, watoto wa sandeskuli hawaachwi na mtu mzima mmoja peke yake chumbani, na wewe ukitaka kuondoka unaaga unaondoka na bado wanakusalimia sokoni. Kufunga ni ibada nzuri, mimi nafunga Kwaresima, lakini Yesu alifunga siku 40 akamaliza, akaona njaa, na alipofufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi. Hakuna mahali alimwambia mtoto asile.

Haya tuendelee. Ukishaona kanisa ni salama, uliza vikundi vya mtaani. Kwetu Wakatoliki ni jumuiya ndogo ndogo, wengine wanaita home cell, wengine fellowship ya nyumbani, jina si hoja. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele hizi jumuiya tangu miaka ya 70 kwa sababu waliona parokia ni kubwa mno mtu anapotea. Na ni kweli, kanisani uko na mamia, jumuiyani mko kumi, kumi na tano, ukikosa unaulizwa.

Ngoja nikueleze ikoje ili usiogope. Ni jioni, nyumba ya mmoja wetu, viti vya plastiki vimeazimwa jirani, vingine havitoshi watoto wanakaa mkekani, taa ya sola ama ya simu. Tunaimba wimbo mmoja, mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa maombi. Injili ya Jumapili inasomwa. Halafu, hapa ndio pazuri, kila mtu anachagua neno moja ama kifungu kifupi kilichomgusa anakisema kwa sauti, anakirudia, hahubiri, neno tu. Mama mmoja husema "msiogope" basi, na wewe unajua mtoto wake yuko wodini, husemi kitu lakini umesikia. Kisha tunanyamaza kabisa dakika chache, unasikia pikipiki huko nje na majani ya mnazi. Kisha anayetaka kushirikisha anashirikisha, kwa nini lile neno, limemgusa wapi. Kisha swali ambalo kwangu ndio roho ya jumuiya, wiki hii kuna kazi gani? Mzee fulani ameanguka nani ataenda, nani anakosa fizi ya shule, kuna msiba Ganda tunachanga nini. Tunagawana kazi, tunaomba, chai na mahamri kama wapo, kama hawapo maji. Siku ya kwanza unaweza usiseme neno lolote na hakuna atakayekulazimisha.

Hapo kwenye swali la kazi ndipo wewe uingie. Usingoje uchaguliwe. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya ama mzee wa kanisa maneno haya haya, "baba, mimi nataka kazi, hata ya kufagia." Kusema nataka kusaidia tu hakutoshi maana atajibu asante Mungu akubariki na itaishia hapo, taja kazi. Kufagia kanisa Jumamosi na kupanga viti. Kwaya kama una sauti, na kama huna sauti kwaya wanahitaji wa kubeba spika. Kushika watoto wa sandeskuli. Kwenda hospitali ama gereza na wale wanaoenda. Kupika matangani, hiyo Malindi haiishi. Kama ulikuwa hotelini wewe ni dhahabu, kanisa lina harusi na makongamano na hakuna anayejua kupanga meza za watu 200 kama wewe. Nimeona fundi wa umeme aliyekaa bila kazi tangu Pasaka akaitwa kuangalia waya za maiki zilizokuwa zinapiga kelele, kufika mwezi wa nane yeye ndiye anafundisha vijana wawili, na ukimtazama mabega yake unaona ni mtu mwingine, ajira hajapata bado lakini asubuhi anaamka ana pa kwenda na watu wanamngoja.

Na hii ndiyo Yeremia 29. Watu wanapenda ule mstari wa 11 wa mawazo ya amani, uko mpaka kwenye vioo vya matatu, lakini soma barua yote. Iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, wageni kabisa, na Mungu anawaambia mambo ya kawaida sana, jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae, uombeeni amani mji niliowapeleka. Na miaka ni 70. Wewe uliyekuja Malindi na moyo bado uko stendi unangoja basi la kurudi kwenu, hiyo barua ni yako.

Kwa maombi yako mwenyewe usijibebeshe mzigo. Soma Marko, ina milango 16 tu, mlango mmoja kwa siku. Ukiwa na huzuni usijilazimishe zaburi za furaha, soma ya 13, ama ya 88 ambayo mwisho wake ni giza tu na bado imewekwa kwenye Biblia kama maombi. Na kama ile huzuni imekuwa nzito, hulali, huli, unawaza kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali, na maombi yaendelee, vyote viwili. Elia nabii alichoka akaomba afe pale chini ya mti, soma 1 Wafalme 19, malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale, akamwamsha tena ale tena, mazungumzo yalikuja baadaye kule mlimani. Anayekwambia dawa ni kukosa imani mwonyeshe mlango huo.

Majirani Waislamu usiwakimbie kwa sababu umepata kanisa. Hapa tumelelewa pamoja, futari ikija ule, Krismasi upeleke sinia, msiba uende. Imani yako ikikufanya mkali kwa jirani, mweleze katekista ama mchungaji mliongelee hilo.

Ukitaka kubatizwa ama kupokelewa rasmi, kwa Wakatoliki unajiandikisha ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kubatizwa, kwa katekista na ni safari ndefu, wengi hubatizwa mkesha wa Pasaka, makanisa mengine ni madarasa ya wiki chache, uliza mapema. Kama ulibatizwa kwingine itisha cheti, na kama umehama parokia omba barua kule ulikotoka.

Na siku moja utaumizwa humo ndani, nakwambia mapema. Mtu atakusema, kiongozi atakupuuza, michango itazidi. Fanya vile Mathayo 18 inasema, mwendee yeye peke yake kwanza, akikataa nenda na mmoja ama wawili, kisha ulete mbele ya kanisa. Usiende kwenye grupu la WhatsApp la kanisa. Lakini kama ni kushikwa mwili ama ni mtoto ameguswa hiyo si ya kumwendea mtu faraghani, ni polisi na hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mengine mpe mtu wiki mbili kabla hujahama, na kama lazima uhame uage jumuiya yako, uchukue barua, na huko uendako usimame tena wageni wakiitwa, useme jina lako na mahali unapokaa.