Kifusi kimemwagwa lini? Kuchimba tarehe kwa picha za setelaiti

Wadau, mnazijua zile klipu za kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anaonyesha kifusi pembeni ya bahari anasema juzi tu wamefukia mikoko yote huku Kigamboni, Dar, watu wanafowadi na hasira zao na hakuna hata mmoja kauliza ni lini. Sasa hiyo lini ndo setelaiti inaijibu vizuri. Nani kafukia na kibali kapewa na nani, hayo katafute ardhini, angani hayapo.

Anza na mahali. Icheki klipu taratibu, simamisha, tafuta vitu visivyohama: mnara wa simu, msikiti, paa lenye rangi yake peke yake, kona ya barabara. Madaraja yetu yanasaidia hadi kwenye tarehe, mtu akikuletea picha ya bahari ya pale hospitali ya Aga Khan anasema ni ya jana na daraja la Tanzanite halipo, mwambie lile lilianza kutumika 2022 (la Kigamboni ni 2016).

Ukishapajua, fungua Google Earth Pro, ile ya kompyuta, ni bure. Bonyeza kialama cha saa pale juu halafu rudi nyuma mwaka kwa mwaka. Hapa picha ni kali, gari unaiona kabisa, ila zina mapengo, unaweza kukuta moja ya 2019 mikoko ipo na inayofuata ni ya 2021 kifusi kipo. Miaka miwili ni pana mno, hujathibitisha juzi ya mtu.

Kubana hayo mapengo nenda Copernicus Browser, tovuti ya picha za setelaiti za Ulaya, nayo bure, chagua setelaiti ya Sentinel-2. Picha zake zinaanza 2015 na inapita kila baada ya siku tano hivi. Shida ni kwamba pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, basi refu la mwendokasi lenye mita 18 halifiki hata pikseli mbili, kwa hiyo usitafute katapila humo, tafuta eneo lililobadilika rangi. Weka rangi bandia (False color), ile ambayo mimea inatoka nyekundu. Mikoko inawaka nyekundu nzito, sasa sogeza tarehe moja moja mpaka uone wekundu umekatika, andika tarehe ya mwisho ulipokuwepo na ya kwanza ulipokosekana.

Sasa hapa ndo wengi wanaingia mkenge. Setelaiti hii inapita Dar muda uleule, saa nne na nusu kuelekea saa tano asubuhi, lakini bahari haina muda uleule, leo inakuta maji yamejaa, wiki ijayo yamekupwa, na kipindi cha bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) tofauti inafika hata mita tatu. Maji yakitoka, mchanga mkavu unang'aa mweupe na ukiuangalia haraka utaapa ni kifusi. Kwa hiyo chukua jedwali la maji kupwa na kujaa, tafuta picha ya siku maji yamejaa saa hizo. Kama ule weupe bado upo juu ya maji, na picha inayofuata upo, hapo sawa. Mvuvi yeyote wa Kunduchi angekuambia hili bila laptopu.

Masika ni wingu tupu, unaweza kupita wiki kadhaa huoni kitu. Usikae kusubiri, hamia Sentinel-1, hiyo ni rada, inapiga picha kwa mawimbi yanayopita wingu, hata usiku. Picha zake ni za kijivu zenye chengachenga, zinahitaji kuzoea, ila maji yaliyotulia yanatoka meusi, hata mafuriko ya bonde la Msimbazi utayafuata kwa njia hiyo.

Halafu rudi kwenye klipu uangalie vivuli. Kwetu mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini, kivuli kinaangukia kusini, mwezi wa kumi na mbili ni kinyume. Tovuti ya SunCalc inakuchorea kwa tarehe na saa unayotaka. Mtu anasema ni Desemba saa sita na nusu mchana na vivuli vyote vinaelekea kusini? Anakudanganya, au kaokota klipu ya zamani.

Kila hatua piga skrinshoti yenye tarehe, jina la setelaiti na koordineti (namba za mahali kwenye ramani), hifadhi na linki. Ukiandika, usiseme wamefukia tarehe fulani, sema kati ya tarehe hii na hii, na nyumba za majirani wasiohusika zikate kwenye picha kabla hujaposti.