Namna ya kuandika simulizi ya mgonjwa katika uchanganuzi wa nafsi

Kalamu isiingie kwenye kikao. Mwaka 1912 Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi (tiba ya mazungumzo inayochimba yaliyofichika akilini), alionya kwamba anayeandika huku akisikiliza huanza kuchagua cha kusikia. Mgonjwa akishatoka, tenga dakika 10 hadi 15 uandike maneno yake kama alivyoyatamka, kwa mfuatano ule ule, pamoja na kimya chake na ulimi ulipoteleza. Ukingoja hadi usiku utabaki na maana uliyoipa wewe. Maneno yenyewe yatakuwa yamepotea.

Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto weka aliyosema na uliyomjibu. Kulia, ulivyofikiri na ulivyojisikia. "Ana hasira na mama yake" ni ya kulia. Ya kushoto ni hii: Alisema, "Mama hana neno, hana neno kabisa," akanyamaza kitambo, kisha akauliza muda umebaki kiasi gani. Msomaji akipewa hayo ataiona hasira mwenyewe, au ataona jambo lililokupita. Simulizi nyingi hufia hapa: zimejaa hitimisho, tukio halimo.

Usianze kuisuka simulizi wakati tiba ikiendelea. Ukishajua hadithi inakoelekea, utamsukuma mgonjwa huko huko bila kujua.

Historia ya maisha iishie aya moja au mbili. Nafasi iliyobaki wape vikao viwili au vitatu, na kimojawapo kiwe kile ambacho fasiri yako, yaani maana uliyoyapa maneno ya mgonjwa na kumweleza, ilikataliwa. Onyesha kilichofuata baada ya wewe kuitoa fasiri: ndoto mpya, kumbukumbu, kuchelewa kikao cha kesho yake. "Ndiyo" ya mgonjwa peke yake si ushahidi. Dora, mgonjwa wa Freud, alikatisha tiba mwishoni mwa 1900, baada ya miezi kama 3. Katika simulizi aliyoichapisha 1905, Freud alikiri kwamba hakuzitambua mapema hisia za zamani ambazo Dora alizihamishia kwake. Kukiri huko ndiko kunakoifanya ifundishe mpaka leo.

Kuhusu siri, kubadili jina hakutoshi. Badili mji, kazi, umri, ila usiguse kinachobeba maana: ikiwa mgogoro unatokana na kuwa kitinda mimba, abaki kitinda mimba. Omba ridhaa ya maandishi, ikiwezekana tiba ikiisha, maana ombi lenyewe huingia katika tiba: mmoja atakubali ili akufurahishe, mwingine atahisi ametumiwa. Akikataa, usichapishe, wala usimdai sababu.