Kabla Hujaanza Mazoezi ya Kupunguza Uzito: Vipimo, Dawa na Miguu

Wengi wenye uzito uliozidi hujiandaa kwa viatu na mizani. Viatu sawa. Mizani ndiyo huwakatisha watu tamaa, maana inapima kitu kimoja tu, tena si kile kinachoanza kubadilika.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila hata kuingojea insulini, homoni inayosaidia sukari kuingia mwilini kutoka kwenye damu. Baada ya hapo mwili huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili hivi, ndiyo maana inashauriwa zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mafuta ya kwenye ini na yale yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yanaweza kupungua huku mizani ikisoma vilevile. Kwa hiyo chukua kwanza vipimo vitakavyoyaonyesha hayo, la sivyo baada ya miezi mitatu hutakuwa na cha kulinganisha.

Anza na kiuno. Tepu ya fundi cherehani inatosha: ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi, na usivute tumbo ndani (humdanganyi mtu). Mipaka inayotumika sana ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, ingawa hutofautiana kidogo kulingana na asili ya watu. Pima presha baada ya kukaa umetulia dakika tano. Kisha maabara: sukari ya asubuhi kabla hujala chochote, ambapo 5.6 hadi 6.9 mmol/L ni dalili kwamba kisukari kinanyemelea. HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Na mafuta ya damu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni dawa. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari kama glibenclamide na gliclazide, anaweza kushukiwa na sukari katikati ya mazoezi au saa kadhaa baadaye, hata usiku akiwa amelala. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta shida hiyo. Zungumza na daktari kuhusu dozi kabla ya siku ya kwanza, beba kitu chenye sukari ya haraka, na mwenzako wa mazoezi ajue dalili: kutetemeka, kijasho, kuchanganyikiwa. Baadhi ya dawa za presha za kundi la beta-bloka huficha mapigo ya moyo kwenda mbio, ambayo nayo ni dalili ya sukari kushuka, hivyo usiingoje hiyo. Uzito ukishuka presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inaweza kukuletea kizunguzungu ukisimama. Hiyo ni sababu ya kurudi kwa daktari, si ya kuacha dawa mwenyewe.

Kama kifua hukubana au unaishiwa pumzi kwa kutembea kidogo, daktari kwanza, mazoezi baadaye. Mwenye kisukari achunguzwe macho kabla ya kunyanyua vyuma vizito, na akague nyayo kila siku, kwa sababu mguu uliokufa ganzi haulalamiki kiatu kinapouchubua.

Halafu lengo. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hujipangia kilo thelathini, wakashindwa, wakaacha vyote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58. Kwa waliopewa metformin ulipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo.

Usitegemee mazoezi peke yake kushusha kilo hizo. Miguu haishindi mdomo: mwendo wa saa nzima hufutwa na vitafunwa vya dakika tano, kwa hiyo panga chakula kabla ya kupanga njia ya kutembea. Ila usijinyime kupita kiasi. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, na sehemu ya uzito unaopotea huwa ni misuli, ileile inayomeza sukari. Ndiyo maana siku mbili za wiki ziwe za mazoezi ya nguvu, hata kama ni kusukuma ukuta na kuinuka kwenye kiti.

Mizani ipande mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Tepu kila baada ya wiki mbili. HbA1c iache hadi miezi mitatu ipite. Ukiirudia mapema, sehemu ya utakachopima bado itakuwa ile sukari ya kabla hujaanza.