Utangulizi wa Insha ya Historia: Sema Msimamo Wako Mapema

Nasahihisha insha za kidato cha sita hapa Kampala, na kasoro ninayoikuta mara kwa mara ni moja: mwanafunzi anayajua mambo, tarehe amezikariri, lakini aya yake ya kwanza haijibu swali. Inasimulia tu. Msahihishaji anafika ukurasa wa pili bado hajui mwandishi anasimamia wapi. Inaniuma, kwa sababu alama hizo zinapotea bure.

Tufanye kazi na swali moja: Suala la kaunti zilizopotea lilisababisha kwa kiasi gani mgogoro wa 1966 nchini Uganda? Mtihani wenyewe utaujibu kwa Kiingereza, lakini hoja ipange kwa lugha unayofikiria kwa wepesi.

Hatua ya 1: Pigia swali mistari

Pigia mstari agizo (kwa kiasi gani), sababu iliyotajwa (kaunti) na tukio lenyewe (mgogoro). Agizo hili linakutaka upime uzito. Kisha liwekee tukio mipaka: kuanzia Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote alipowakamata mawaziri wake watano na kuisimamisha katiba, hadi tarehe 24 Mei, jeshi liliposhambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka (mfalme) wa Buganda, na Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni.

Hatua ya 2: Panga hoja kabla ya kuandika utangulizi

Kama una dakika 45 kwa swali, tano zitumie hapa, na usizionee uchungu. Wengi huorodhesha sababu sita kisha huishia hapo. Orodha haitoshi. Jiulize: ipi ilizaa ipi?

Kaunti hizo zilikuwa ardhi ya ufalme wa Bunyoro ambayo Waingereza waliipa Buganda, ufalme jirani, kwa kuwasaidia kupigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Novemba 1964 wapiga kura wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti mbili kati ya hizo, waliamua katika kura ya maoni kurudi Bunyoro. Mengo, yaani serikali ya Buganda, iliumia, na Mutesa alibanwa pande zote mbili, maana alikuwa Kabaka na Rais kwa wakati mmoja. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini nani aliagiza kura hiyo ya maoni? Katiba ya uhuru ya 1962, ile ile iliyoipa Buganda hadhi ya shirikisho. Halafu kuna Februari 1966: Bunge lilipitisha hoja ya mbunge Daudi Ocheng kuhusu tuhuma kwamba Obote na wenzake walinufaika na dhahabu ya Kongo, na Obote akaona wapinzani wamo ndani ya chama chake cha UPC (Uganda People's Congress). Jambo hilo halikuanzia Buyaga.

Sasa una mnyororo wa sababu, na msimamo unaanza kujitokeza.

Hatua ya 3: Tunga sentensi inayoweza kupingwa

Anza na umbo hili: ingawa hili lilichangia, lile ndilo lililoamua, kwa sababu fulani. Sentensi isiyoweza kubishiwa, kama vile "mgogoro ulikuwa na sababu nyingi", haina msimamo.

Hatua ya 4: Andika aya

Utangulizi dhaifu huwa hivi:

"Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Waziri Mkuu alikuwa Milton Obote. Mwaka 1966 kulitokea mgogoro mkubwa. Insha hii itajadili sababu zake mbalimbali."

Kila sentensi ni ya kweli, na hakuna hata moja inayojibu swali. Linganisha na huu:

"Kura ya maoni ya Novemba 1964 iliua imani kati ya Mengo na serikali ya Obote. Hata hivyo, ilichochea tu ugomvi uliokuwa umeshapandwa na katiba ya 1962, iliyoiacha Buganda na mamlaka yake ndani ya dola iliyotaka mamlaka yote. Kilichougeuza ugomvi huo kuwa vita ni mpasuko ndani ya UPC mwanzoni mwa 1966, uliomtia Obote hofu ya kupoteza madaraka. Kwa hiyo suala la kaunti lilichangia kwa kiasi kikubwa, lakini halikuwa sababu kuu."

Sentensi tatu za kwanza ndizo sehemu tatu za insha, kwa mpangilio huo huo. Ya nne inalijibu swali kwa maneno yake lenyewe.

Hatua ya 5: Mpe mwenzako

Lifunike swali, msomee mwenzako aya peke yake. Akishindwa kubuni swali lilikuwa lipi, andika upya. Akibisha, furahi. Mtoto wa Hoima, huko Bunyoro, na mtoto wa Mengo hawatakubaliana upesi kuhusu kaunti hizi, na ubishi wao utakuonyesha pingamizi unayopaswa kuijibu ndani ya insha.

Katika chumba cha mtihani huna mwenzako, basi acha mistari miwili wazi baada ya utangulizi. Ukifika katikati ukaona ushahidi wako umeelekea kwingine, rudi uirekebishe sentensi ya mwisho kabla hujaandika hitimisho.