Jinsi ya Kutambua Mkazo wa Mfumo wa Uvutaji katika Gari la Zamani la Magurudumu Manne

Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo lazima pawepo kifaa kati ya ekseli hizo mbili kinachoziruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote wakati wote, kazi hiyo hufanywa na difu ya kati (seti ya gia inayogawa nguvu kati ya ekseli), na kiunganishi chenye majimaji mazito ya silikoni, au na klachi ya sahani nyingi. Kifaa hicho kikikwama, gari huwa zito katika kona kali kana kwamba limeshikwa na breki, huanza kurukaruka, na matairi hulia yakiburuzwa juu ya lami; huo ndio mkazo.

Kabla hujamruhusu fundi yeyote kushusha giaboksi, pima matairi. Yajaze upepo kwa kiwango kilichoelekezwa, kisha zungushia kila moja utepe wa kupimia na uandike mzingo wake. Subaru, kwa mfano, hutaka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6.4. Tairi moja jipya likichanganywa na matatu yaliyolika, kiunganishi hulazimika kufanya kazi hata katika barabara iliyonyooka, na joto linalotokana na hali hiyo huiunguza klachi au huiharibu silikoni. Nasisitiza hatua hii kwa sababu mara nyingi hurukwa, ilhali kiunganishi kipya kikifungwa huku matairi hayalingani kitakufa kwa sababu ileile.

Matairi yakiwa sawa, tafuta uwanja mtupu, tambarare na mkavu wa lami au saruji, kwani changarawe huyaacha matairi yateleze na hivyo kuuficha mkazo. Zungusha usukani hadi karibu na mwisho, achia breki taratibu, na uliache gari litambae bila kukanyaga mafuta. Gari lisilo na hitilafu huendelea kujongea kwa ulaini, na lenye mkazo husita au husimama. Fanya jaribio hili injini ikiwa baridi, kisha ulirudie baada ya safari ya nusu saa hivi. Mkazo unaozidi gari linapopata joto hukielekezea kidole kiunganishi cha silikoni.

Subaru nyingi za zamani za gia otomatiki zenye klachi ya sahani nyingi zina tundu la fyuzi lililoandikwa FWD (uvutaji wa magurudumu ya mbele pekee) katika chumba cha injini. Ukichomeka fyuzi hapo, taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi na klachi huachia. Mkazo ukitoweka, klachi na solenoidi yake (vali ya umeme inayoiendesha) zinaweza kuachia, hivyo chunguza mfumo wa umeme unaoziamuru; ukibaki, solenoidi au klachi yenyewe imekwama. Kagua pia oili ya giaboksi: ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, sahani zimeshaathirika.

Usichanganye dalili. Mlio wa kugonga-gonga unapokanyaga mafuta kwenye kona kwa kawaida hutoka kwenye sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata linapokata kona), na gurudumu moja lenye joto kuliko mengine huashiria breki inayoshika. Katika gari lisilo na difu ya kati, ambalo dereva huchagua mwenyewe magurudumu manne kwa wenzo wa gia, mkazo kwenye lami kavu ni hali ya kawaida. Rudisha wenzo huo kwenye magurudumu mawili na ujaribu tena. Na kamwe usiinue ekseli moja tu kwa jeki kisha ukatia gia injini ikinguruma, kwa kuwa magurudumu yaliyobaki chini yanaweza kulisukuma gari likaanguka kutoka kwenye jeki.