Vitabu kwanza, kifaa baadaye: kusoma Kiswahili ughaibuni bila kutegemea Kindle

Wengi huanzia dukani, na hapo ndipo wanapoumia. Kifaa cha kusomea vitabu kimeshuka bei, mtu ananunua, anafika nyumbani na kugundua kwamba vitabu vya maktaba ya mji wake haviingii humo. Anza na vitabu. Jiulize utaazima wapi, utanunua wapi, na vile vya Kiswahili vitatoka wapi. Ukishapata majibu, utabaki na vifaa viwili vitatu tu vya kuchagua.

Kindle yenyewe, kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon, ni mashine nzuri. Shida ni kwamba mlango ni mmoja na ufunguo anao mwenye duka. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya wa USB. Faili ya EPUB (muundo wa kawaida wa vitabu vya kidijitali) uliyopata kwingine haifunguki ukiichomeka tu. Njia rahisi ni kuipitisha kwenye huduma yao ya Send to Kindle iigeuze. Na vitabu vya maktaba vinavyoazimwa kwa programu ya Libby huingia kwenye Kindle kwa wakazi wa Marekani peke yao. Aliyeko Toronto au Leicester hana njia hiyo.

Kwa aliyeko Kanada au Uingereza, Kobo, kifaa cha kampuni nyingine, ndiyo jibu fupi. Toleo lake la Clara BW lina kioo cha inchi 6, nafasi ya GB 16 na haiogopi maji. Chukua kadi ya maktaba kwanza (wengi watakuomba barua au bili yenye anwani yako), ingia kwenye OverDrive (huduma ya kuazima vitabu vya maktaba) iliyomo ndani ya Kobo kwa namba ya kadi hiyo, kisha azima kwa Libby kwenye simu. Ukibonyeza Sync kwenye kifaa, kitabu kinashuka. Kisiposhuka, angalia kama ulichoazima ni kitabu cha kusoma: vitabu vya kusikiliza na magazeti ya Libby havipiti njia hii.

Ujerumani mambo ni tofauti. Maktaba nyingi huko huazimisha kwa huduma ya Onleihe, na vifaa vinavyoelewana nayo vizuri ni tolino na PocketBook. PocketBook ina faida nyingine: inafungua faili za EPUB, PDF, MOBI na hata DJVU bila kugeuza chochote.

Boox ni kifaa kingine cha kusomea, kinachotumia Android, mfumo wa simu nyingi. Inunue ikiwa tu una vitabu vilivyofungiwa ndani ya programu ya muuzaji fulani, kwa sababu Kobo na PocketBook za kawaida haziwezi kusakinisha programu hizo. Bei yake ni ya juu na chaji inakwisha haraka zaidi.

Mahali pengine utapakua faili inayoishia na .acsm, yenye kilobaiti chache tu. Hiyo si kitabu, ni tiketi ya kukichukulia. Ifungue kwa programu ya bure ya Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, baada ya kuisajili kompyuta kwa akaunti yako ya Adobe, kisha chomeka kifaa na ukiburute kitabu kiingie. Ujumbe wa E_ACT_NOT_READY maana yake kifaa au kompyuta haijasajiliwa. Ule mrefu, E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER, maana yake tiketi ilishafunguliwa kwa akaunti nyingine, mara nyingi ya mume, mke au mtoto aliyetumia kompyuta hiyohiyo. Kusakinisha upya hakusaidii. Ingia kwa akaunti ile iliyoifungua mwanzo.

Sasa Kiswahili. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam husambazwa nje na African Books Collective ya Oxford, na baadhi ya vitabu hupatikana kidijitali. Kabla ya kulipa soma kama ni EPUB au PDF, na kama kina kufuli la kuzuia kunakili. Hadithi za watoto zenye leseni huria ziko kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver, bure kabisa, ila ni vitabu vya picha: wino wa kielektroniki wa rangi, yaani kioo cha vifaa hivi chenye rangi, bado umefifia, kwa hiyo mtoto msomee kwenye tableti. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina vitabu vya zamani kama ngano alizokusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Hapo usipakue EPUB. Imetengenezwa na mashine iliyosoma picha za kurasa, na Kiswahili imekisoma vibaya, chukua PDF.

PDF nayo ina hesabu yake. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi na urefu wa 12. Ukurasa wa A4 ukiingia humo unabaki kama asilimia 40 ya ukubwa wake, na herufi ya pointi 12 inakuwa ya 5. Hakuna macho ya kusoma hivyo kwa saa nzima. Kifaa cha inchi 10.3 kinakaribia sana karatasi ya A5, yaani kitabu cha kawaida cha riwaya, hivyo kwa anayeishi kwenye PDF gharama hiyo ina maana. Mwenye kifaa kidogo anaweza kusakinisha KOReader, programu huria inayopanga upya maneno ya PDF yaenee kwenye kioo. Inakubali Kobo na PocketBook.

EPUB za Kiswahili zina ugonjwa wao. Nyingi zimeandikwa ndani kwamba lugha ni Kiingereza, kwa hiyo maneno mwishoni mwa mstari yanaweza kukatwa kwa kanuni za Kiingereza, katikati ya silabi. Dawa ni Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Chagua kitabu, bonyeza E, kwenye Languages andika Swahili, hifadhi. Wengi huishia hapo, kisha wanalalamika hakuna kilichobadilika. Ni kweli: nakala iliyomo kwenye kifaa bado ni ya zamani. Ifute, kisha itume upya kutoka Calibre.

Maneno yetu ni marefu pia. “Walipotukaribisha” likikosa nafasi linashuka mstari mzima, na ukurasa ulionyooshwa pande zote mbili unabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka sita. Panga maandishi kushoto tu, au punguza herufi hatua moja.

Halafu kuna ng’. Ipo ritifaa iliyonyooka (') na iliyopinda (’), na kwa kifaa hizo ni alama mbili tofauti. Unatafuta “ng'ombe” kwenye kitabu cha ufugaji, unaambiwa hayumo. Tafuta “ombe”.

Ukimpelekea mzazi kifaa nyumbani, fungua akaunti na uingize vitabu kwa waya kabla hakijaondoka, kuza herufi, zima Wi-Fi. Usimjazie vitabu vya kuazima, kwani muda ukiisha vinajifunga. Anayekibeba akiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia, maana betri yake ni ya lithiamu.