Namna ya kuandika wasifu wa mwanaraga wa ridhaa aliyekuwa mwalimu na kiongozi

Raga ya wachezaji 15 ilikuwa mchezo wa ridhaa, yaani usio na malipo, hadi Agosti 1995. Aliyeichezea nchi yake kabla ya hapo alikula kwa kazi nyingine, hivyo takwimu za uwanjani hazitoshi kumweleza. Tumchukue John Kendall-Carpenter (1925–1990): mchezaji wa mbele wa England, mwalimu mkuu, na mwenyekiti wa kamati iliyoandaa Kombe la Dunia la kwanza la raga.

Anza na mechi za taifa, uzihakiki kwa hesabu. Anazo 23, kati ya 1949 na 1954. Katika miaka hiyo sita England ilicheza kila mwaka mechi 4 za Mataifa Matano (mashindano yake na Scotland, Wales, Ireland na Ufaransa), jumla 24. Ongeza ile ya Afrika Kusini mwaka 1952 na ya New Zealand mwaka 1954, unapata 26. Maana yake alikosa 3 tu, jambo linalomweleza vizuri zaidi kuliko 23 ikisimama peke yake. Jumla yako ikizidi mechi zilizochezwa, huenda umeingiza za Barbarians, timu ya wachezaji wa kualikwa, au ile ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Hizo ziorodheshwe kando. Mataifa Matano yalichezwa baada ya mwaka mpya, kwa hiyo msimu wa 1948/49 uandike 1949. Taja nafasi yake katika kila mechi, kwani alicheza propu (mstari wa kwanza wa skramu) na pia namba nane (nyuma ya skramu). Usiandike kwamba mtu wa zama hizo aliingia kutoka benchi: wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa katika mechi za kimataifa hadi 1968, na aliyeumia akatoka aliiacha timu pungufu. Trai, yaani bao la kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli, nayo ilikuwa pointi 3, si 5 kama siku hizi.

Ualimu upewe kurasa nyingi zaidi, maana ndiko miaka yake mingi ilikopita. Tafuta majarida ya shule. Humo huandikwa nani kaajiriwa, kafundisha nini, kasimamia timu ipi, kaondoka lini. Kendall-Carpenter aliongoza Cranbrook, Eastbourne College, kisha Wellington School ya Somerset. Hapo wengi hukosea: Wellington College ya Berkshire ni shule nyingine kabisa. Mwaka wa masomo Uingereza huanza Septemba, kwa hiyo vyanzo viwili vikipishana mwaka mmoja, angalia mwezi kabla ya kukataa kimojawapo.

Kwenye uongozi, tenganisha cheo na kazi. Urais wake wa Chama cha Raga cha England, 1980/81, ni msimu mmoja, si miaka miwili. Uamuzi wa kuwa na Kombe la Dunia ulikuwa wa bodi ya kimataifa, Paris, 1985. Usimpe yeye peke yake sifa ya uamuzi huo. Kamati yake ipimwe kwa ilichoendesha: timu 16, New Zealand na Australia, kuanzia Mei 22 hadi Juni 20, 1987.